Picha ya Vita vya Tanga mliyotuuzia kama nakala 250 tu

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Uchapaji na Uuzaji wa Picha za Sanaa,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUCHAPWA UPYA KWA PICHA YA VITA VYA TANGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mkazi wa Tanga. Ninakusanya picha za mapigano ya kihistoria ya Afrika, zile zinazochapwa kwa idadi maalumu na kutiwa namba. Ninayo ya Isandlwana, ambako jeshi la Wazulu liliishinda kambi ya Waingereza tarehe 22 Januari 1879. Ninayo ya Adwa ya mwaka 1896, iliyochorwa kwa mtindo wa zamani wa Kiethiopia: watu wa Menelik, mfalme wa Ethiopia, wanaonekana uso mzima, Waitalia wanaonekana ubavu, jicho moja tu. Kwenu nilinunua Vita vya Tanga, nakala namba 41/250, kwa shilingi 480,000. Nilikubali bei hiyo kwa sababu cheti mlichonikabidhi kinasema, juu ya muhuri wa kampuni yenu, kwamba zimechapwa nakala 250 pamoja na 25 za mchoraji, na kwamba picha hii haitachapwa tena kwa ukubwa wowote.

Mwezi uliopita niliingia dukani kwenu nikaikuta picha ileile imetundikwa karibu na mlango, ukubwa uleule, ina namba 12/500 na kibandiko cha "Toleo la Kumbukumbu", bei shilingi 150,000. Muuzaji, kijana mwenye adabu ambaye simlaumu hata kidogo, alinieleza kwamba ofisi imewaelekeza wawajibu wateja hivi: hili ni toleo jipya, halihusiani na lile la kwanza.

Ndugu Mkurugenzi, linahusiana sana. Anayenunua picha yenye namba hanunui karatasi na wino peke yake. Picha ya ukubwa huo ataipata Kariakoo kwa bei ndogo tu. Ananunua neno lenu kwamba idadi imefungwa. Zamani, picha zilipochapwa kwa bamba la shaba, mchapaji alilikwaruza bamba baada ya nakala ya mwisho, na hata angetamani kurudia asingeweza kutoa picha safi. Siku hizi picha iko kwenye kompyuta, na mashine inaweza kutoa nakala ya elfu moja sawasawa na ya kwanza. Hakuna bamba la kukwaruza. Kinachoizuia nakala ya 251 isitoke ni uaminifu wa aliye na faili, basi. Mkibadili jina la toleo na kuanza kuhesabu upya kutoka moja, cheti changu kinabaki kuwa na maana gani? Na kesho mkitoa toleo la tatu?

Niliomba ruhusa nikaikagua picha mpya kwa kioo cha kukuzia. Kwenye nakala yangu, sahihi ya mchoraji na namba vimeandikwa kwa penseli kwenye ukingo mweupe wa chini. Ukiiinamisha karatasi mwangani, penseli inang'aa, na unaona mahali mkono ulipokandamiza. Kwenye toleo jipya sahihi ni vitone vya wino wa rangi, vitone vilevile vilivyotengeneza majani na mawingu. Kwa hiyo mchoraji hakuweka mkono wake kwenye karatasi hiyo. Je, alijulishwa? Alilipwa? Ninauliza kwa sababu ni jina lake mnalouza.

Na kazi yenyewe imeharibika. Mchoraji ameonyesha mchana wa tarehe 4 Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wanajeshi wa Kihindi na Waingereza walioteremshwa Ras Kasone wanasonga kupita mashamba ya mpira kuelekea mjini, na askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani, chini ya kamanda Lettow-Vorbeck, wanawangoja. Waliotoka melini walikuwa kama 8,000, waliowangoja kama 1,000, na walioshindwa ni wale 8,000. Kwenye nakala yangu, juu ya miti, nyuki waliochokozwa na risasi wamechorwa mmoja mmoja kwa ncha ya brashi. Kwenye toleo jipya weusi umezidi, na nyuki wote wamemezwa na moshi. Picha ya Vita vya Tanga, vinavyoitwa pia Vita vya Nyuki, isiyo na nyuki! Upande wa kulia yupo askari aliyepiga goti, uso wake una hofu na uamuzi kwa wakati mmoja. Kwa ajili ya uso huo niliichagua picha hii. Sasa ni doa jeusi chini ya kofia. Waafrika wengi waliokufa katika vita ile hawana hata kaburi lenye jina. Mchoraji alipompa mmoja wao uso, mchapaji alipaswa kuutunza.

Ninaomba msimamishe mauzo ya toleo jipya mara moja. Ninaomba pia muwaandikie wanunuzi wote wa nakala 250, mkieleza ni ngapi za toleo jipya zimekwisha kuchapwa, ngapi zimeuzwa, na kama mchoraji aliridhia kwa maandishi. Anayetaka kurudisha nakala yake arudishiwe fedha zake zote. Mimi sitairudisha yangu. Ninachotaka ni yale yaliyoandikwa kwenye cheti changu yaheshimiwe.

Kuna jambo jingine. Nimeshatanguliza shilingi 200,000 kwa picha mnayoiandaa ya shambulio la boma la Mahenge la tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji. Nimeingoja kwa hamu, kwa kuwa ni nadra kuona wapiganaji wa Maji Maji wakichorwa na mtu aliyechukua muda kujifunza walivyovaa na walivyobeba silaha zao. Lakini kabla picha hiyo haijaenda mashineni nataka mkataba uliosainiwa na ninyi pamoja na mchoraji, unaotaja jumla ya nakala za kila ukubwa, za mchoraji zikiwemo, na unaozuia toleo lolote la baadaye kwa jina lolote. Kama hamwezi kutoa mkataba huo, nirudishieni fedha nilizotanguliza.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa anayouziwa. Ningependa tulimalize suala hili sisi wenyewe. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 21 tangu mpokee barua hii, nitalipeleka Tume ya Ushindani (FCC). Naomba nisijibiwe kwa simu.

Nimeambatisha kivuli cha cheti, risiti zote mbili, na picha nilizopiga dukani kwa idhini ya muuzaji, zinazoonyesha sahihi ya penseli na ile ya kuchapwa zikiwa sambamba.

Wenu mteja,
Tanga