Miezi sita ya sheria inamwadhibu mama aliyekimbia kipigo

Mhariri,

Mimi ni afisa utumishi katika kiwanda kimoja hapa Temeke. Mwaka jana nilimwandikia binti wa kitengo cha ufungashaji barua ambayo mpaka leo inanikaa rohoni: likizo yako ya uzazi haitakuwa na malipo.

Kisheria sikukosea. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Zile siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa mama wa mapacha, tunazozitaja kila semina, hazimhusu. Yeye alikuwa na miezi minne na ushee.

Lakini kabla ya hapo alifanya kazi miaka miwili Mwanza. Aliiacha kwa sababu mumewe alikuwa akimpiga, hata akiwa mjamzito. Alipanda basi na begi moja. Kadi ya kliniki ikabaki kabatini. Huku akaanza kliniki upya, na kwa kuwa hakuja na mwenza, akarudishwa kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akachukue barua. Kisha nami, kwa utaratibu wetu, nikamuuliza iko wapi taarifa ya miezi mitatu kabla ya kujifungua, yenye cheti cha daktari. Alinitazama tu.

Wiki ya saba baada ya kujifungua alikuwa mezani anabandika lebo, sare imelowa maziwa kifuani. Mwenye nyumba alikuwa anadai kodi.

Australia nako kuna sharti la kazi: mzazi awe amefanya kazi miezi 10 kati ya 13 kabla ya mtoto kuzaliwa. Ila aliyeshindwa kulitimiza kwa sababu ya ukatili wa nyumbani anaweza kusamehewa. Kule anayelipa ni serikali, najua. Lakini nani alipe ni mjadala mwingine. Kwanza tukubaliane kwamba anastahili.

Waajiri wenzangu watasema kila mtu atadai amepigwa. Jamani, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu kwa aliyejeruhiwa, ipo, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, maafisa ustawi wa jamii wapo. Na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inamfuata mwanachama hata akibadili mwajiri. Kwa nini miaka miwili ya Mwanza ihesabike huko, halafu kwetu aanze sifuri?

Mwaka 2025 sheria hii ilirekebishwa na mama wa mtoto njiti akaongezewa likizo. Kifungu hichohicho cha 29 tayari kina nafuu kwa wafanyakazi wa msimu. Naiomba wizara yenye dhamana ya kazi iongeze hapo aya moja kwa aliyeacha ajira akikimbia ukatili, na kwake ile taarifa ya miezi mitatu ilegezwe.

Afisa utumishi,
Temeke, Dar es Salaam