Mdogo wangu, Jumamosi zako zibaki huku

Mdogo wangu mpenzi,

Juzi mama alinipigia simu kunieleza kwamba umepata nafasi ya masomo hapa Moshi, na kabla sijamaliza kumpongeza akaongeza kwamba amekwisha kupiga hesabu: kila Ijumaa baada ya vipindi utapanda gari la Holili, utavuka mpaka uingie Taveta, utashika njia ya Voi, na usiku utakuwa nyumbani Mombasa. Sikutaka kumkatiza furaha yake. Nimeona nikuandikie wewe, tena waziwazi, ili wasome pia wenzako wa Pwani wanaopiga hesabu kama hiyo, kwa sababu niliifuata mimi katika muhula wangu wa kwanza na bado naujutia muhula ule.

Nilikuwa nikirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Jumamosi niliimaliza kwa kulala, maana safari ilikuwa imenichosha, Jumapili alfajiri nikaianza safari nyingine, na Jumatatu nikasinzia darasani. Wenzangu walipokaa kantini wakisimuliana walikokwenda, mimi sikuwa na la kuchangia, na taratibu wakaacha kunialika, si kwa ubaya, bali kwa kuzoea kwamba sipo. Nilikaa miezi minne chini ya Mlima Kilimanjaro nikiuona kupitia dirisha la basi tu, tena siku ambazo mawingu yaliniruhusu.

Kinachotudanganya ni lugha. Kwa kuwa tunazungumza Kiswahili, tunadhani kwamba hatujaenda ugenini na kwamba hakuna jipya la kujifunza. Hapa ukitamani mahamri utaletewa maandazi yasiyo na iliki wala tui, ukiuliza matatu utaelekezwa kwenye daladala, na mtu aliyekuzidi miaka michache tu atakungoja umwamkie shikamoo kabla ya neno lingine lolote. Hii ni nchi nyingine, na mwisho wa wiki ndio wakati ambao inakupa nafasi ya kuijua.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Chemka, kwenye chemchemi za Kikuletwa, upande wa Boma Ng'ombe. Watu huziita maji moto, ingawa maji yake ni vuguvugu tu, maangavu kiasi cha kuhesabu mizizi ya mikuyu iliyozama chini yake. Nilijirusha kwa kujiamini, mtoto wa bahari, nikashangaa kwamba mwili wangu ulikuwa mzito: maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu kama yanavyombeba maji ya bahari. Kosa langu siku ile lilikuwa kumwacha kijana wa bodaboda aondoke bila kuagana naye saa ya kurudi, nikasubiri kwenye vumbi mpaka jua likaanza kuzama, hadi familia moja iliyokuwa ikirudi mjini iliponihurumia na kunipa nafasi garini. Nawe uagane naye mapema, na uchukue namba yake.

Materuni, kule Uru, ndiko nilikokwenda mara nyingi zaidi. Wengi huenda kwa ajili ya maporomoko, nayo yanastahili, lakini mimi moyo wangu ulibaki njiani, katika vihamba, yaani mashamba ya familia za Wachaga, ambako migomba huitilia kivuli mibuni na mifongo, mifereji yao ya jadi, huteremsha maji kutoka juu mlimani mpaka shambani. Mama mmoja alinichumia tunda jekundu la buni na kuniambia nilibinye. Zikachomoka punje mbili zenye ute, nikazilamba, zikawa tamu. Mimi niliyekulia Mji wa Kale, nikinywa kahawa chungu ya dele barazani tangu utotoni, sikuwahi kujua kwamba buni ina utamu kabla haijakaangwa. Mama huyohuyo ndiye aliyenionyesha ua wa masale, mimea ya majani marefu, uliotenga kihamba chake na cha jirani, akanieleza kwamba kwa Wachaga aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale kuomba msamaha, na kwamba ni vigumu sana kwa aliyeletewa jani hilo kukataa.

Jumamosi nyingine nilipanda basi la Arusha nikashuka Tengeru, siku ya soko. Baada ya kununua parachichi nilifika kwenye makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka Poland na kupelekwa Urusi ya Kisovyeti, walifika hapa kupitia Uajemi, kuanzia mwaka 1942, wakajenga shule, kanisa na mashamba. Baadhi yao hawakuondoka tena. Nilisimama mbele ya majina nisiyoweza kuyatamka, nikaona haya kwamba mimi, ambaye kwetu ni safari ya siku moja, nilikuwa nimelia kwa upweke.

Sasa nikueleze Chala, maana huko ndiko ninakotaka twende wote. Ziwa Chala limo ndani ya shimo la volkano mashariki ya mlima, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya maji yake. Huoni mto unaoliletea maji. Sehemu kubwa huja chini kwa chini kupitia miamba kutoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nalo lina kina cha zaidi ya mita 90. Wenyeji hukataza kuogelea kwa kuhofia mamba, na uwasikilize. Nilipofika ukingoni upepo ulikuwa mkali, na maji kule chini yalikuwa ya buluu penye jua na kijani kibichi chini ya kivuli cha genge. Ghafla simu ikatetemeka mfukoni. Laini ya nyumbani, ambayo sikuwa nimeitoa, ilikuwa imenasa mtandao wa ng'ambo ya pili, na ujumbe wa mama wa siku mbili nyuma ukaingia: "Umekula?" Nilimpigia papo hapo, nikamwambia kwamba genge ninalolitazama ni Kenya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna baridi.

Kuhusu hifadhi za taifa, pasi yako usiiache bwenini kama nilivyofanya mimi, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha wenyeji, lakini lazima athibitishe uraia wake.

Nyumbani utakwenda likizo, na Idi, na mama akiugua hata siku ya mtihani. Jumamosi za kawaida tumia huku. Nitakungoja Holili, upande huu, kwa hiyo njoo na viatu vya kutembelea na umwambie mama asikufungie mahamri ya mwezi mzima, ya siku mbili yanatosha. Kama atakasirika, nimekwisha kumwomba yule mama wa Materuni anikatie jani moja la sale, nami nitampa dereva wa kwanza anayekwenda Mombasa amfikishie.

Dada yako,
Moshi