Vitabu vya kusomea kwenye simu vipangwe kwa ajili ya simu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waandishi na wachapishaji wetu wanaouza vitabu kwa njia ya simu. Nimewasikia mara nyingi wakilalamika kwamba Watanzania hawasomi, na kwamba softikopi hailipi kwa kuwa akinunua mmoja wanasoma ishirini. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Mbagala Rangi Tatu. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na riwaya ndiyo starehe yangu. Vitabu nanunua, na pesa natoa. Lakini vingi mnavyotuuzia havisomeki, na msomaji aliyeshindwa kusoma cha kwanza hanunui cha pili.

Majuzi nilinunua riwaya kwa shilingi 3,000. Tangazo lilikuwa kwenye kundi la WhatsApp, na sura ya kwanza ilibandikwa pale pale kama ujumbe wa kawaida. Niliisoma kituoni nikisubiri daladala, ikaninasa, nikatuma pesa. Kesho yake mchana likaja faili, PDF ya zaidi ya MB 40, na bando langu la siku likaishia hapo. Kulifungua, nakuta ni kitabu cha karatasi kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kingo zimeingia weusi, na ukurasa mmoja una kidole gumba cha aliyekishika. Aliyeniuzia ni mwandishi mwenyewe, wala si mwizi wa kazi za watu.

Nikachukua rula. Ukurasa wa kitabu cha A5 una upana wa milimita 148. Kioo cha simu yangu hakifiki milimita 70. Maana yake ukurasa mzima ukiingia kwenye kioo unapungua zaidi ya nusu, na herufi zilizochapwa kwa pointi 11 zinabaki kama za pointi 5. Hiyo ni ndogo kuliko maandishi ya karatasi ya dawa. Ikiwa mwandishi aliandika kwenye A4 akaituma hivyo hivyo, hali ni mbaya zaidi, maana karatasi hiyo ina milimita 210. Ukikuza ili uone, mstari unatoka nje ya kioo. Unausukuma kushoto umalize sentensi, unaurudisha kulia utafute mwanzo wa mstari unaofuata, na hapo unaangukia mstari uliokwisha kuusoma. Fanya hivyo ndani ya daladala ya Kariakoo umesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Kurasa tatu tu, umechoka.

Sasa tazameni jambo hili, kwa kuwa ndilo linalonifanya niandike. Ile sura ya kwanza, iliyobandikwa kama ujumbe, niliisoma bila shida yoyote, kwenye simu ile ile na kwa miwani hii hii. Herufi zilikuwa saizi niliyoiweka mwenyewe na mistari ilikatika kufuata upana wa kioo. Hadithi za mfululizo za WhatsApp na Facebook zinasomwa na mama ntilie, bodaboda, wanafunzi wa chuo na walinzi wa usiku. Wanasubiri sehemu inayofuata kwa hamu, na ikichelewa wanagomba. Mnaposema hawasomi, ni hao hao mnaowasema. Wakipewa maandishi yanayoenea kwenye simu wanasoma, wakipewa picha za karatasi wanaacha.

Dawa ipo na si mpya. Inaitwa EPUB, nayo ilikubaliwa kuwa mfumo wa pamoja wa vitabu vya kielektroniki tangu mwaka 2007, mwaka ule ule kampuni ya Amazon ilipotoa Kindle ya kwanza, kifaa chake cha kusomea vitabu, kule Marekani. Ndani yake mna kurasa za maandishi zilizotengenezwa kama za tovuti, zikafungwa pamoja katika faili moja. Ukurasa hauna kipimo cha kudumu. Msomaji anachagua ukubwa wa herufi na maandishi yanajipanga upya, akisoma gizani anageuza kioo kuwa cheusi, na akifunga simu kitabu kinakumbuka alipoishia. Riwaya isiyo na picha haifiki hata MB 1 ukiacha jalada. Kwa sisi tunaonunua bando la siku hadi siku, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Nasema haya kwa kuwa nimeyafanya. Nina kitabu kidogo cha hadithi nilizowatungia wanafunzi wangu, na mwaka jana nilikipeleka steshenari moja hapa Mbagala ambako kijana mmoja anajua kazi hii. Sikumlipa pesa nyingi, na programu alizotumia ni za bure. LibreOffice inatoa EPUB, Google Docs inatoa EPUB, na Calibre inakagua na kurekebisha. Kazi ilikuwa kwenye kusafisha maandishi. Aliniambia, "Mwalimu, hapa umeshuka mistari kwa kubonyeza Enter mara saba, kwenye simu patakuwa na shimo." Akayaondoa yote. Kila kichwa cha sura akakitambulisha kwamba ni kichwa, ili yaliyomo yajitengeneze na msomaji akigusa sura ya tano aende sura ya tano.

Yako mambo mawili ambayo mafundi wengi hawayajali, na kwa Kiswahili ni ya lazima. Kwanza, maneno yetu ni marefu. Neno kama "wasingelimwambia" likikutana na kioo chembamba na herufi kubwa, na mwandishi kalazimisha mistari ilingane pande zote mbili kama ya gazeti, lile neno linarukia mstari wa chini na yaliyobaki juu yanatawanyika, maneno matatu na mapengo katikati. Acheni upande wa kulia usilingane. Hautamuumiza mtu. Pili, faili la EPUB linataja lugha ya kitabu kwa alama, na ya Kiswahili ni "sw". Programu nyingi zinaanza na Kiingereza, na fundi asipobadilisha, simu inaposoma kwa sauti inaweza kutamka Kiswahili chetu kwa matamshi ya Kiingereza, hata usielewe kitu. Nina rafiki yangu ambaye macho yamekwisha kabisa, na hadithi zangu anazisikiliza kwa simu akiwa uani. Kwa mtu kama yeye, PDF ya picha ni karatasi tupu, maana humo hamna herufi hata moja ambayo simu inaweza kuisoma.

Najua mtaniuliza habari za wizi. Ni kweli, EPUB nayo inafowadiwa. Wako wanaofunga faili kwa neno la siri, na wako wanaotaka tuuze ndani ya programu za kampuni tu. Mimi kufunga sikupendi. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya mwandishi Mwingereza George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Pesa walirudishiwa, na mkuu wa kampuni akaomba radhi, lakini kitabu kiliondoka mkononi mwa msomaji bila kuulizwa. Isitoshe, hesabu za huko si za huku. Ili mwandishi apate asilimia 70 ya mauzo kwenye duka la Kindle ni lazima bei iwe kati ya dola 2.99 na 9.99, na chini ya hapo anapata 35. Dola 2.99 ni zaidi ya shilingi 7,000. Nani Mbagala atatoa hizo kwa riwaya moja, wakati lipa namba ya mwandishi inapokea 2,000 moja kwa moja? Uzeni wenyewe, kwa bei yetu, na kitabu kizuri. Wako watakaofowadi. Wako pia kina sisi, tunaolipa ili mwandishi aandike kingine.

Na ombi hili ni kwa wasomaji wenzangu. Kabla ya kutuma pesa, ulizeni: ni PDF au EPUB? Ikiwa ni PDF, mwombeni muuzaji awatumie ukurasa mmoja kwanza mwone kama unasomeka bila kuusukuma. Mkiwa watu kumi mnaouliza hivyo kwenye kundi moja, mwandishi atakwenda steshenari wiki hiyo hiyo. Mkimkuta hajui pa kuanzia, mwambieni afungue maandishi yake kwenye Google Docs, apakue kama EPUB, na kabla hajaweka tangazo akisome kitabu chake mwenyewe kwenye simu yake, sura ya kwanza hadi ya mwisho.

Mwalimu mstaafu,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam