Ruzuku ya shule isihesabu vichwa tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee ruzuku ya shule za vijijini maana kila mwaka tunabishana bajeti ya elimu imepanda au imeshuka, lakini namna hela yenyewe inavyogawanywa hatuigusi kabisa.

Sehemu nyingi shule inapewa hela kwa idadi ya wanafunzi, kila kichwa kiasi fulani, basi. Ukisikia hivyo unaona ni haki. Ila chukua shule ya pembezoni yenye watoto 60 na ya mjini yenye 900, zote zinahitaji mwalimu mkuu, vyoo, ofisi, paa lisilovuja, na paa haliulizi chini yake wamekaa wangapi. Ile ya mjini inapata mara 15 ya mwenzake halafu vitabu vinashushwa getini, wakati huku mwalimu mkuu anatoa nauli kwenye hiyohiyo ruzuku kufuata vitabu, kufuata mitihani, kupeleka ripoti, na mvua ikikata barabara anakodi pikipiki azungukie mbali, yani hela ya chaki inaishia njiani.

Ingia darasani sasa. Mwalimu mmoja ana la kwanza na la pili chumba kimoja, kachora mstari katikati ya ubao, upande huu herufi upande ule kujumlisha, akielekeza hawa wale wanasubiri. Akiugua, madarasa mawili yamelala. Na kwa hesabu ya vichwa shule hii haistahili kuongezewa mwalimu, eti watoto ni wachache! Inauma sana.

Wenzetu wameshaliona hili. Australia, jopo la serikali la kukagua ufadhili wa shule, likiongozwa na mfanyabiashara David Gonski, lilipendekeza mwaka 2011 kila mwanafunzi awe na kiwango chake cha msingi halafu shule ndogo na zilizo mbali ziongezewe juu yake, na sheria yao ya 2013 ikaweka nyongeza hizo. Brazil, mfuko wa kugharamia elimu ya msingi, Fundeb, unampa mtoto wa shule ya kijijini uzito mkubwa kuliko wa mjini kwenye mgao. Ila mfano ninaoupenda mimi ni Gambia, nchi ndogo isiyo na utajiri, mwaka 2006 walianza kuwapa walimu wa shule za mbali posho ya mazingira magumu, asilimia 30 hadi 40 ya mshahara kutegemea shule iko umbali gani na barabara kuu, na walimu wakaanza kuomba wenyewe kuhamia huko.

Kuna watakaosema dawa ni kuunganisha shule ndogo. Sawa, kama zimepakana. Lakini ukifunga shule ya pekee kwenye eneo, mtoto wa miaka sita atatembea mpaka wapi? Huyo atabaki nyumbani, na gharama uliyoikwepa umemtwisha mzazi wake.

Kwa hiyo wanaopanga bajeti ijayo naomba kila shule ipate kianzio kisichotegemea idadi, ndo hesabu ya vichwa ifuate, na juu yake kiwepo kipengele cha umbali. Na huo umbali usipimwe kwa kilomita za kwenye ramani, upimwe kwa muda anaotumia mwalimu kufika makao makuu ya wilaya msimu wa mvua.

Mzazi na msomaji wako