Barua kutoka Houston: kura mara mbili kwa siku moja

Houston, Jumapili, 9 Machi 2008

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Nilifurahi mno kuisikia sauti yako juzi, ingawa kadi ya simu iliisha hata hatujamaliza kujuliana hali. Uliniuliza neno moja tu na sikuwahi kulijibu: "Umempigia kura kijana wetu Obama, mtoto wa baba Mkenya?" Kaa kitako basi, jibu lake ni refu.

Tangu Januari hatujapumua. Mchujo wa kumpata mgombea urais wa chama cha Democratic ulianzia Iowa tarehe 3, na usiku ule watu huku wakishangilia ushindi wa Obama, mimi nilikuwa nimeshika simu nakupigia wewe huko Nakuru na Nakuru haishiki. Siku tano baadaye mpinzani wake, Bi Hillary Clinton, akashinda New Hampshire wakati kila mtu alikwisha kumzika. Tarehe 5 Februari majimbo zaidi ya ishirini yakapiga kura siku moja, tukadhani mambo yamekwisha, wapi! Obama akashinda mara kumi na moja mfululizo, na macho yote yakageukia Ohio na kwetu Texas. Wenyeji wananiambia kwa kawaida mchujo ukifika hapa mshindi keshajulikana zamani. Safari hii simu ililia mpaka nikaichomoa ukutani, na nyingi ni sauti iliyorekodiwa, huwezi hata kuiuliza swali. Kazini, wale wazee ninaowaogesha asubuhi walikuwa wakiniuliza habari za wagombea kabla hawajaitikia salamu.

Halafu ikaja ile picha. Tarehe 25 Februari ilienea kila mahali: Obama amevaa kilemba cheupe na shuka, picha aliyopigwa Wajir, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2006. Ilisambazwa ili watu wamwogope. Mwenzangu mmoja kazini akanijia nayo, akaniuliza hayo ni mavazi ya nini. Nikamwambia ni mavazi ya heshima, mgeni akifika huvishwa na wenyeji wake, na kwetu angekataa ndipo angeonekana hana adabu. Akanyamaza. Nilikasirika siku nzima, shoga, kwa sababu lile vazi halikuwa na kosa lolote, wala wazee wa Wajir waliomvisha.

Sasa jibu lako. Hapana, sikumpigia. Nilimpigia Bi Clinton.

Najua unashika kichwa. Kaka yangu kule Mombasa nilipomwambia alikata simu. Lakini wewe unalijua lile deni la hospitali, mwanangu alipovunjika mkono akicheza mpira na mimi sina bima. Miaka miwili nimelipa, na bado nalipa. Katika mipango yao ya afya wawili hawa wanafanana karibu kwa kila kitu, ila Clinton anataka kila mtu awe na bima kwa lazima, na Obama anawalazimisha wazazi kwa ajili ya watoto tu. Niliwasikiliza wakibishana juu ya hilo pale Austin tarehe 21, nikajiambia: mimi ndiye huyo anayesahaulika katikati. Obama namwonea fahari, machozi hunilenga nikimsikia. Lakini hii ni kura yangu ya kwanza tangu nipate uraia, na niliapa nitaipiga kwa shida zangu mwenyewe, si kwa ukoo wa mtu.

Jumanne tarehe 4 nikaenda alfajiri. Mashine zetu hapa zina kijigurudumu, unakizungusha mpaka ufike kwenye jina unalolitaka, halafu unabonyeza. Sikukaa dakika tano. Kadi yangu ya mpiga kura ikapigwa muhuri, nami nikadhani nimemaliza kazi. Kumbe Texas chama cha Democratic kina hatua mbili, na wenyewe wanaiita hivyo kwa jina la ngoma yao moja. Mchana unapiga kura, usiku unarudi tena palepale na kadi yako, mnafanya mkutano wa mtaa. Wajumbe 126 wa mkutano mkuu wa chama, ule unaomteua mgombea, wanagawanywa kwa kura za mchana, na wengine 67 kwa hiyo mikutano ya usiku.

Mkutano ulipangwa saa moja na robo usiku katika ukumbi wa kulia chakula wa shule moja jirani. Mpaka saa mbili na nusu tulikuwa bado nje, maana hauruhusiwi kuanza mpaka wa mwisho foleni amepiga kura yake. Watu wamejaa mpaka barabarani, watoto wamelala mabegani, kalamu zimekwisha. Ndani hakuna sanduku wala siri: unaandika jina lako, anwani yako, na mgombea wako, kwenye karatasi ambayo jirani yako anaisoma. Nilipoandika Clinton, mama mmoja mweusi aliyekuwa nyuma yangu aliniangalia usoni, akaangalia karatasi, akaniangalia tena. Hakusema neno. Sikumlaumu.

Kisha wakatafuta mwandishi wa mkutano. Mtu mmoja akaona mwandiko wangu, ule mwandiko uliotuponza viboko mimi na wewe darasa la tatu, akapaza sauti kwamba mwandishi ndiye huyu. Nikakaa mezani na kijana mmoja wa upande wa Obama. Karatasi za Clinton akazihesabu yeye, za Obama nikazihesabu mimi, halafu tukabadilishana. Za Obama mimi nilipata 143, yeye akapata 141. Watu wamesimama wametuzunguka, wengine wamekwisha kuvaa makoti. Tukarudia jina kwa jina, kidole juu ya karatasi, mpaka tukagundua wawili walikuwa wameandika mgongoni mwa karatasi iliyojaa, na mwenzangu hakuigeuza. Ni 143. Clinton alipata 88. Nikaiandika hesabu ile iliyomshinda mtu wangu, nikatia sahihi, kijana naye akatia yake. Ilikuwa inakaribia saa tano.

Pale pale nilikukumbuka wewe, mwalimu, na usiku wako wa tarehe 27 Desemba, siku ya uchaguzi wa huko Kenya. Uliponisimulia sikuelewa, nilidhani ni uchovu. Ulisema mlihesabu kwa mwanga wa karabai, mawakala wa pande zote wakaijaza ile fomu 16A ya matokeo ya kituo wakatia sahihi, na hesabu ya kituo chako haikumpendelea uliyempigia, lakini ulirudi nyumbani alfajiri umetulia. Kisha ikaja tarehe 30, yakatangazwa matokeo ya urais, na ghasia zote zilizofuata. Ulisema kilichokuuma ni kwamba hesabu ya kituo chako uliijua, ila hesabu ya nchi hakuna aliyeweza kukuonyesha ilikotoka. Mimi nikakujibu "Mungu yupo", nikabadilisha maneno. Nisamehe. Sasa nimekalia kiti kama kile chako, japo kwa jambo dogo mno, jambo ambalo hakuna mtu angechomewa nyumba kwa ajili yake, ndipo nikaona unachokisema.

Lakini usidhani nakusifia ya huku. Hesabu ni safi, sheria ndizo zinazonitatiza. Clinton kwa kura za mchana amemshinda Obama kwa asilimia 51 kwa 47, kama kura laki moja hivi, na bado wanasema Obama huenda akaondoka Texas na wajumbe wengi kuliko yeye, kwa sababu ya mikutano ya usiku. Tena wajumbe wa mchana wamegawanywa kwa wilaya 31, na wilaya ambayo watu wake walijitokeza kidogo chaguzi zilizopita imepewa wajumbe wachache. Mwenzangu wa zamu, ambaye kwao ni kule mpakani na Mexico, ananiambia kwao safari hii watu wamefurika vituoni na mgao wao ni ule ule mdogo. Juu ya hayo kuna vigogo wa chama karibu mia nane, nao ni wajumbe pia, ambao hawafungwi na kura ya mtu yeyote.

Na kinachonikera kuliko vyote ni huo usiku wenyewe. Mimi nilibadilishana zamu ndipo nikaweza kwenda. Aliyenishikia zamu alipiga kura yake asubuhi, lakini usiku alikuwa anageuza wagonjwa vitandani. Na wale wazee wangu, waliokuwa wakiniuliza habari kila asubuhi, nani angewabeba mpaka shuleni saa tatu za usiku? Sauti yao imehesabiwa nusu. Nimelisema hili kwa kila aliyetaka kunisikiliza, na nitalisema tena tarehe 29 mwezi huu kwenye mkutano wa wilaya, kwa kuwa walinichagua niwe mmoja wa wajumbe wa Clinton.

Tarehe 28 Februari niliwaona Kibaki na Raila wakitia sahihi mkataba wa kugawana madaraka, mpatanishi wao Kofi Annan yuko kando. Nilitazama kwenye kompyuta ya ofisini nikiwa na sare ya kazi, nikalia. Niambie kweli, je, watu waliokimbia makwao wameanza kuondoka pale uwanja wa maonyesho? Na ile familia uliyoipokea bado iko kwako? Unga unatosha? Nitatuma kitu kidogo mwisho wa mwezi, usinikatalie.

Jambo moja nakuomba. Ile karatasi uliyonakili hesabu za kituo chako, uliyosema unataka kuichoma, usiichome. Iweke pamoja na vyeti vya watoto.

Nisalimie mama na wote nyumbani.

Ni mimi shogayo