Salehe, zile taa zako bado unazo?

Swahiba Salehe,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu na mashaka ni juu yako, na yale mengine yote tuliyofundishwa kuyaandika shuleni. Najua nimekuwa kimya tangu harusi ya Mwanaidi. Najua pia kwamba tripodi yako iko kwangu. Iko salama. Mguu mmoja umelegea kidogo, lakini hilo tutalizungumza siku nyingine.

Nina shida ya taa. Ngoja nikueleze nilivyofika hapo.

Nimepata kazi kwa mfinyanzi. Anataka video ya mtungi uliojaa maji ukianguka na kuvunjika polepole, nyuma giza tupu, matone yakielea hewani. Kwa nini muuza mitungi anataka watu waione ikivunjika? Nilimwuliza, akaniangalia kama mtoto. Basi nikanyamaza.

Mwanzoni nilidhani kamera yangu inatosha, si inapiga fremu 120, yaani picha 120, kwa sekunde? Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Mtungi ukishagusa sakafu, kule kupasuka kwenyewe tuseme ni sehemu ya kumi ya sekunde. Hapo napata fremu 12. Nikizionyesha kwa 25 kwa sekunde, mtungi wote umekwisha kwa nusu sekunde. Mtu akipiga chafya imempita. Kwa fremu 1,000 napata fremu 100, yaani sekunde 4 nzima, na hapo ndipo utauona ufa ukitembea. Kwa mcheza ngoma au mtu anayekimbia, 120 inatosha kabisa. Kwa kitu kinachopasuka, hapana.

Ikabidi kukodi kamera yenye kasi zaidi. Kadogo, unamjua, akashikilia Phantom Flex4K, eti ndiyo kamera ya watu wazima. Kweli inafika karibu fremu 1,000 kwa picha ya 4K. Lakini kamera ya namna ile aghalabu huletwa pamoja na fundi wake, naye analipwa, na video yenyewe itatazamwa kwenye simu! Nimechagua Chronos 2.1-HD, inayopiga fremu 1,000 kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080. Kadogo hajanisemesha tangu Jumatatu.

Sikukubali kutoa dhamana kabla ya kuijaribu. Niliomba wenye duka la kukodisha waiwashe palepale kaunta, nikawa naangusha funguo kwenye glasi ya maji. Wenyewe walinuna kidogo, lakini afadhali wanune wao kuliko nije kulia mimi siku ya kushuti.

Jambo la kwanza lilikuwa giza. Sisi tumezoea shata ya 1/50, yaani kila fremu inapokea mwanga kwa sehemu ya hamsini ya sekunde. Kwa fremu 1,000 shata inakwenda 1/2000, kwa hiyo mwanga unaoingia ni sehemu moja ya arobaini. Stopu tano na ushee, na kila stopu ni nusu ya mwanga, zimekwenda hivihivi! Ukipandisha ISO, ule wepesi wa kamera kuhisi mwanga, picha inajaa chenga. Ukifungua lenzi yote, fokasi inakuwa nyembamba kama karatasi: mdomo wa mtungi umekaa sawa, maji yaliyorukia nyuma ni ukungu. Mwanga hauna mbadala.

La pili ndilo lililoninyima usingizi. Wakaniwashia paneli zao za LED, mwanga tele, nikafurahi. Tulipoirudisha ile video polepole, picha ikawa inang'aa na kufifia, inang'aa na kufifia, kama mtu anayechezea swichi. Kwa macho huoni kitu. Umeme wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, unazifanya taa nyingi zipepese mara mbili kwa kila wimbi, mara 100 kwa sekunde, na kamera inaziona zote mia. Zipo LED zisizopepesa, sikatai, lakini mpaka uzijaribu na kamera yenyewe. Usiamini kilichoandikwa kwenye boksi. Jua lingenisaidia, halipepesi, ila mteja anataka giza nyuma.

Ndiyo nikazikumbuka zile taa zako za tangsteni, za uzi unaowaka. Zile mbili za wati 2000 na lile dude la 5000 tulilokuwa tunakucheka kwamba ni jiko. Nisamehe, ndugu yangu. Ule uzi wake mnene haupati hata nafasi ya kupoa kati ya wimbi moja la umeme na jingine, basi mwanga unatulia. Kadiri taa inavyokuwa kubwa ndivyo inavyotulia zaidi. Vile vitaa vidogo vya wati mia mbili tatu havinisaidii.

Najua utauliza habari ya umeme, baada ya yale ya kwa Bi. Tatu. Kwa volti 230, lile dude linakula karibu ampea 22, soketi ya ukutani haliwezi. Nimemwita fundi umeme, atanitolea laini yake peke yake. Na maji je? Taa nitaziweka mbali na kwa juu, maana balbu yenye moto ule ikiguswa na tone la maji inapasuka. Nitakuwa nimekodi kamera kushuti mtungi, nikashuti balbu yako.

Halafu kuna kitu kitakuchekesha. Kitufe unakibonyeza mambo yakishatokea! Kamera inarekodi mfululizo kwenye kumbukumbu yake ya ndani, ya zamani inafutika inapoingia mpya. Yenye gigabaiti 32 inabeba kama sekunde 10 hivi. Mtungi umevunjika, ndipo unaisimamisha, unarudi nyuma, unachagua kipande chako. Mimi kwa mazoea nilibonyeza mapema mara tatu, sikupata kitu. Kadogo, ambaye hajawahi kuwahi popote maishani mwake, ndiye atakayefaa kukaa kwenye kitufe, akikubali kunisemesha. Kisha unasubiri dakika kadhaa ihifadhi kwenye diski kabla ya kuvunja mwingine. Mfinyanzi ameahidi mitungi kumi na miwili. Nahisi sita itavunjika njiani.

Kamera naichukua Ijumaa jioni, nahesabiwa siku moja ya Jumamosi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni wangu wa majaribio. Ndiyo maana nazitaka taa Ijumaa, si Jumamosi asubuhi.

Sasa niambie: bado unazo, au ulishamuuzia yule jamaa wa maigizo? Balbu zake zinawaka zote? Utakuja nazo mwenyewe? Maana ukweli ni kwamba hakuna anayejua kuziweka kama wewe, na mimi nikizigusa nitaungua vidole. Ile lenzi yako ya milimita 100 inafunga kwenye maunti ya EF, ile ya Canon, au mpaka nitafute adapta? Mama anaendeleaje na goti? Na Mwanaidi, kweli amehama?

Nijibu kabla ya Alhamisi, siku hiyo ndiyo natoa dhamana.

Wako,
Idi

Tripodi nitakurudishia hapohapo. Njoo na bisibisi.