Tarehe mbili tu, Mhariri

Mhariri,

Wasomaji wako wamekuwa wakiandika kwamba serikali za mitaa hazijui kuwahudumia maskini. Nimekuwa mhasibu wa ustawi wa jamii kwa miaka 19, sasa nimestaafu, na lawama hizo nimezipokea dirishani uso kwa uso.

Orodha ya walengwa tuliiandaa sisi. Tulijua nani kafiwa na mlezi, nani kahama, nani anajifanya mjane. Fungu ndilo halikuwa letu. Mwaka mmoja ruzuku ya serikali kuu iliingia zikiwa zimebaki wiki 3 tufunge hesabu, na barua juu yake: kisichotumika kirudi hazina, na kasma ya vifaa, yaani fedha zilizotengewa vifaa, isihamishiwe kwenye posho. Tukanunua viti vya magurudumu vingi kuliko watu wa kuvikalia, huku wazee waliokuwa wakidai posho ya miezi wamepanga foleni nje. Mkaguzi hakuona kosa. Risiti zote zilikuwepo.

Si ugonjwa wa nchi moja. Marekani, chini ya AFDC, mpango wa msaada wa fedha kwa familia maskini zenye watoto ulioanza 1935, jimbo lilipotumia zaidi kwa familia maskini, serikali kuu nayo iliongeza mchango. Sheria ya 1996 ikaleta TANF, mpango uliochukua nafasi yake: fungu moja la takriban dola bilioni 16.5 kwa mwaka, lisilopanda bei zinapopanda. Majimbo yakapewa uhuru mpana wa kulitumia, nayo mengi yakapeleka sehemu kubwa kwingine, si mikononi mwa familia. Hapo, nakiri, serikali za chini nazo zina lao. England, Aprili 2013, nafuu ya council tax, kodi ambayo halmashauri huitoza kila nyumba, ilikabidhiwa halmashauri pamoja na fedha pungufu kwa karibu asilimia 10, na amri kwamba wastaafu wasiguswe. Halmashauri isiyokuwa na pa kuziba pengo ilimbana nani, kama si mwenye kipato kidogo ambaye bado ana umri wa kufanya kazi? Na barua ya kumpunguzia nafuu hiyo ilitoka kwa halmashauri yake, si kwa waziri.

Sipingi masharti, bila hayo fedha za wajane zingejenga ukumbi wa mikutano. Ila mtu apewe mzigo pamoja na kamba ya kuufungia.

Naomba jambo dogo. Kila mnaporipoti mpango wa ustawi uliokwama, chapisheni tarehe mbili: siku fedha zilipoahidiwa na siku zilipoingia benki.

Mhasibu mstaafu